MZEE AKILAZWA HOSPITALI, NANI ATAKAA NAYE?



Mwenzetu mmoja akaaye Kawangware alikosa kazini siku tatu mwezi uliopita, akakatwa mshahara na kupewa barua ya onyo. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mgonjwa. Mama yake mwenye umri wa miaka 78 alikuwa amelazwa. Mama huyu hukaa kwa binti yake huko Kibera, na kwa miaka minne sasa anao ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia. Huuliza habari za mumewe aliyekwisha kufa, na usiku hutoka nje akitafuta shamba lake.

Alipelekwa hospitali kwa sababu ya homa. Siku ya pili watoto wake walimkuta amefungwa mkono kitandani kwa kitambaa, chakula kipo kando kimepoa, hakikuguswa. Katika karatasi yake imeandikwa kwamba hasemi. Lakini mama alikuwa akisema tangu asubuhi, akiomba maji kwa Kimaragoli! Kiswahili alichojifunza ukubwani kimemtoka. Kilichobaki ni lugha ya utoto wake. Binti alipoomba kulala kando yake, aliambiwa saa ya kuwaona wagonjwa imekwisha.

Hatutaji jina la hospitali hiyo, wala hatuwashutumu wauguzi. Wao ni wafanya kazi kama sisi, na tuliwaona mwaka 2017 walivyogoma tangu Juni hata Novemba kudai mapatano yao. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku hana mikono ya kutosha. Basi kwa nini afukuzwe binti ambaye angemlisha mama yake bila kudai hata senti?

Jambo hili si dogo. Mzee mwenye ugonjwa huu akipata homa, au akikosa maji, au akihamishwa ghafula mahali alipopazoea, fahamu zake zaweza kuvurugika kwa siku moja kuliko zilivyovurugika mwaka mzima. Watu husema ni uzee, wakamwacha. Kumbe yafaa yatafutwe maradhi mengine: mkojo upimwe, kifua kisikilizwe, dawa zake zitazamwe. Na ni mtu wa nyumbani ajuaye kwamba juzi tu mzee alikuwa akiwatambua wajukuu. Mkimpeleka mzee wenu, chukueni karatasi mliyoandika lugha yake, jina analoitikia, chakula alacho, dawa anywazo na jambo limtialo hofu. Mpeni muuguzi wa zamu.

Sasa tuje kwa waajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa likizo ya siku 21 kwa mwaka, yampa mama aliyejifungua miezi mitatu na baba majuma mawili, tena yampa mfanya kazi ruhusa akiugua mwenyewe. Mzazi wake akiugua, sheria imenyamaza. Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba nambari 156 mwaka 1981 kwa ajili ya wafanya kazi wenye mzigo wa jamaa, na jamaa hao si watoto peke yao. Hapa kwetu twakatwa 2.75 kwa mia ya mshahara kwa bima ya SHA, lakini baba na mama hawamo katika bima ya mtoto wao. Huandikwa mbali na kulipa mbali. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, kwa mzee aliyebahatika kuandikwa, huishia kwenye nepi.

Katika mazungumzo yajayo Chama kitadai siku kumi kwa mwaka, zenye mshahara, za kumwuguza mzazi, na kwamba barua ya onyo ya mwenzetu ifutwe. Kila mwanachama mwenye mzazi wa namna hii ampe jina lake mjumbe wa karakana kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na idadi ya siku alizokatwa. Mabwana wakubwa watatuuliza hesabu.