Kadi Mia Nne na Nyumba Ndogo Isiyokuwepo

Mwezi huu tunaongelea simu za usiku wa manane, lakini usianze kuwaza mbali. Dada mmoja alinisimulia kwamba mumewe kila ikifika saa tano usiku anageukia ukutani na simu, anabonyeza, anaguna, anabonyeza tena. Dada wa watu akajua tayari kuna nyumba ndogo! Alipoikamata ile simu akakuta maandishi ya Kijapani. Kumbe bwana anaomba ufadhili wa masomo Japani, kaamua na lugha aianze mapema, na programu inayoitwa Anki ilikuwa inamdai kadi 400 usiku huo huo.

Kwa wasioijua, Anki ilitoka mwaka 2006, na jina lenyewe ni neno la Kijapani, maana yake kukariri. Kadi ina neno upande mmoja na jibu upande wa pili. Ukipata, inarudi baada ya siku kadhaa, ukipata tena inakaa wiki, halafu mwezi. Ukikosa, inarudi upesi. Na Kijapani kinahitaji msaada huo jamani. Kutamka hakutusumbui sana, maana irabu zao zinakaribiana na zetu. Mtu akisema sakana (samaki) au taberu (kula) unaweza kudhani ni mtu wa Tanga. Balaa ni kanji. Orodha rasmi ya serikali yao, tangu 2010, ina herufi 2,136, na herufi moja inaweza kusomwa kwa namna tano au zaidi.

Kinachowaponza wengi ni hesabu. Ukiiacha programu ilivyo, inakupa kadi mpya 20 kwa siku. Wewe unaona 20 ni kitu gani? Lakini za leo zinarudi kesho, zinarudi wiki ijayo, zinakutana njiani na za jana na za juzi. Baada ya wiki chache marudio yanafika kama mara saba hadi kumi ya kadi mpya, yaani 140 mpaka 200 kila siku ya Mungu. Kwa sekunde 10 kila kadi hiyo ni nusu saa kama akili imetulia. Kama foleni ya Mandela Road imekumaliza, ni saa nzima, na chakula kinapoa mezani. Sasa nenda harusini Moshi siku nne uone utakachokikuta.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni uvivu. Mzigo wa leo uliupanga mwenyewe wiki tatu zilizopita. Mtu mwenye ajira na mwenza wake aanze na kadi mpya 7. Usizidharau, kwa mwaka ni zaidi ya 2,500, na marudio yake unayamaliza ndani ya daladala.

Kama deni limeshakuwa mlima, weka kadi mpya sifuri, basi. Usifute kila kitu uanze upya. Piga 150 kwa siku, asubuhi, na kwa kuwa hakuna mpya zinazoingia, lundo litashuka lenyewe. Ukisahau neno, kubali, bonyeza kitufe cha kurudia. Ukijidanganya kwamba "nilikuwa nalijua bwana", litakusumbua mwezi ujao. Halafu kuna kadi sugu. Programu yenyewe inaweza kuiweka pembeni kadi uliyoikosa mara nane. Iache huko huko, utakutana nayo kwenye sentensi siku nyingine.

Na mweleze mwenzio unachofanya. Mpe simu akuulize yeye, hata kama hajui herufi moja, jibu si lipo nyuma ya kadi? Mkipanga safari, simamisha kadi mpya wiki moja kabla ya kuondoka, ili mkirudi ukute deni la kulipika kabla ya chai.