HESHIMA YA KARANI WA NDEGE

Ndege ikikwama anayetukanwa si rubani wala waziri. Ni karani wa kaunta. Mtumishi anayestaafu leo katika Shirika la Ndege la Tanzania amebeba matusi hayo miaka mingi. Shirika lilizaliwa Machi 1977, baada ya kufa kwa East African Airways. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa ziliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini. 2006 ushirika huo ukavunjwa. Kabla ya ndege mbili mpya kufika Septemba 2016 ilibaki ndege moja tu, na karani yumo kazini, akiwatuliza wafanyabiashara wa Kariakoo wadaio nauli zao.

Twampongeza. Lakini keki na kanga (na keki yenyewe huanza kwa wakubwa!) hazitoshi. Wazee waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, walizeeka wakidai haki zao katika mitaa ya mji huu huu, na wengine wakafa wakingoja. Twataka michango yake ihakikiwe kabla hajatoka kazini, na pensheni ilipwe bila ya kumzungusha dirisha hata dirisha, yeye aliyekaa dirishani akiwahudumia wengine.