Bia ya Kreti na Ujimbi wa Mtungi

Bwana Mtengenezaji,

Nakuomba nafasi katika kurasa za gazeti letu, nipate kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulizungumza jioni, lakini asubuhi ofisini hatulikiri. Jambo lenyewe ni vinywaji vyetu. Wanachama wasiokunywa, kwa dini au kwa hiari yao, watanisamehe, siwaiti mezani. Nawaandikia wanaokunywa, na hasa mabwana na mabibi wa kamati yetu ya sherehe.

Wengi mlikuwapo tulipomuaga tarishi wetu mzee aliyestaafu. Kabla ya siku ile aliulizwa apenda kufanyiwa nini. Akajibu kwa adabu kwamba hana haja ya makubwa, ila angefurahi kama ungekuwapo mtungi wa ujimbi, apate kunywa na wazee wenzake watakaokuja kutoka kijijini. Shauri lilipofika katika kamati likakataliwa. Bwana mmoja alisema kwamba ujimbi si kinywaji cha watumishi wa Serikali. Basi zikaletwa kreti. Wazee wale wakapewa chupa baridi mmoja mmoja, wakazishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mgeni amshikie, nao wakaondoka kabla ya hotuba kwisha. Tarishi mwenyewe alitushukuru sana. Mimi nalikuwa nimeketi karibu naye, nikaona haya.

Isidhaniwe kwamba naidharau bia ya chupa. Naipenda, nami naijua. Katika kiangazi cha Dodoma, upepo wa Agosti unapotujaza vumbi machoni hata ndani ya masijala, hapana kitu kimfaacho mtu saa kumi na mbili jioni kama chupa iliyotoka jasho la ubaridi. Mtu akiniuliza nachagua ipi, nitamwambia bila kuficha: Kilimanjaro, iliyoanza kuuzwa mwaka 1996, ni nyepesi, yapita kooni kama maji, na mtu aweza kunywa mbili akaamka salama kuandika barua zake. Safari, iliyokuwako tangu 1977, ni nzito kuliko hiyo, kilevi chake asilimia 5.5, nayo yafaa kwa nyama ya kuchoma na maneno marefu. Serengeti yasifiwa kuwa ya kimea kitupu, nami naona utamu wake, ijapokuwa chupa ya pili hunichosha. Tusker ya majirani zetu wa Kenya naiheshimu zaidi kwa hadithi yake: kiwanda kilianzishwa Nairobi mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu mawindoni, ndipo bia ikapewa jina la ndovu mwenye pembe.

Lakini tujue pia bia hii ilikotoka. Neno lager ni la Kijerumani, maana yake ghala, kwa sababu bia ya namna hii hukaa muda mrefu mahali pa baridi hata itulie. Ile ya rangi ya dhahabu tunayoiona sote kuwa ndiyo bia hasa, ilipikwa mara ya kwanza mjini Pilsen mwaka 1842. Kisha Carl von Linde akatengeneza mashine za kutia baridi katika miaka ya 1870, na wenye viwanda vya bia wakawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Kwa hiyo lager ni mtoto wa shayiri na baridi. Sifa yake kubwa ni kwamba hudumu miezi, na chupa ya leo ni sawasawa na ya jana. Sifa hiyo si ndogo, wala mimi siipunguzi.

Ujimbi ni mtoto wa nchi nyingine, yaani nchi hii yetu, ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja, nayo aghalabu haizidi milimita mia sita kwa mwaka. Mahindi hapa hukauka yakitazamwa. Mtama na uwele husimama. Nafaka hiyo hulowekwa, hufunikwa hata ichipue, huanikwa juani, kisha husagwa. Huo ndio kimea. Unga mwingine hupikwa uji, ukapozwa, ukatiwa kimea hicho. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kilevi, kama ilivyo kiwandani. Kazi ni ile ile. Ila ujimbi hauchujwi ukawa kioo. Huja na unga wake na chachu yake ingali hai, mzito, wenye uchachu, na ladha ya mbali ya moshi wa kuni. Ukipikwa kwa mtama mwekundu, ule ambao ndege hawaupendi kwa ukakasi wake, ukakasi huo husikika kidogo ulimini, nao hufanya kazi ambayo katika lager hufanywa na hopsi. Mtungi ulioiva asubuhi, ukinywewa adhuhuri chini ya mbuyu, kwangu mimi wazishinda chupa zote nilizozitaja. Lakini kesho yake umekwisha kubadilika, na siku ya tatu ni siki.

Nimeonja na vya jirani zetu. Wanzuki wa asali ni mtamu mno mwanzoni, na miguu hupata habari baadaye. Ulanzi wa Iringa, utomvu wa mianzi michanga wakati wa mvua, ni kinywaji kizuri ukinywewa ulikogemwa. Ukisafirishwa katika dumu lililofungwa sana, abiria wote wa basi watajua umebeba nini. Mbege ya Wachaga, ya ndizi na kimea cha ulezi, ina heshima kubwa kwao, wala sijamwona Mchaga, hata awe mkurugenzi, anayeona haya kuiweka mbele ya wageni katika harusi ya binti yake. Hapo ndipo nauliza: sisi wa Dodoma tumepatwa na nini?

Nadhani jibu limo katika majalada ya zamani. Zama za ukoloni sheria za pombe katika nchi zetu zilimpima mtu kwa rangi yake. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulikataza pombe kali za biashara zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali za kikoloni zikaendelea kumzuia Mwafrika asipate vinywaji ambavyo Mzungu alivinunua dukani. Pombe ya kienyeji nayo mijini ikafungiwa ndani ya vilabu vya leseni. Basi chupa ikawa alama. Makarani waliotutangulia, watu wa zama za akina Martin Kayamba aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walidai wahesabiwe kuwa watu kamili, nao walikuwa na haki. Mtu aliyenyimwa kitu kwa rangi yake, siku akipewa hukishika kwa mikono miwili. Hilo silishangai. Nashangaa kwamba sheria zile zimekwisha kufutwa, uhuru tumeupata mwaka 1961, na bado katika kamati yetu kuna mtu anayempima mwenzake kwa chombo alichoshika.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Nigeria ilipopiga marufuku shayiri kutoka ng'ambo mwaka 1988, viwanda vikubwa vikageukia mtama na mahindi, na watu wakanywa. Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatoa bia ya Eagle kwa mtama wa wakulima wake. Na hapa kwetu viwanda vya bia hununua mtama, hata ule wa mkoa huu. Yaani mtama ule ule tunaouonea haya ndani ya mtungi, ukizunguka Dar es Salaam na kurudi umevaa chupa na karatasi, twaupokea kwa kusimama.

Wanaopinga wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni usafi. Ni kweli, wako wapikaji wanaoongeza maji yasiyochemshwa mtungi unapopungua, na kopo moja hupita midomo ishirini. Lakini hayo hurekebishwa kwa maji safi na vikombe. Hayarekebishwi kwa dharau. Tusichanganye pia ujimbi na gongo, maana huyo ni mnyama mwingine, aliyekwisha kupofusha watu na kuwaua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siwezi kuikwepa. Ugogo ni nchi ya njaa. Wazee walitusimulia habari za Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipokuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Mwaka wa namna hiyo kupika pombe ni kumnyang'anya mtoto uji. Nakubali. Ghala ikiwa tupu, mtungi ufunikwe, na kamati iagize soda. Lakini mwaka wa mavuno, mtama unaonunuliwa na mama mpikaji ni fedha mkononi mwa mkulima wa Bahi au Chamwino, na faida yake mpikaji huijua mwalimu mkuu, maana ndiyo inunuayo daftari na sare. Pombe hii ni kazi ya wanawake tangu zamani. Fedha ya kreti hupanda lori siku ile ile ikaondoka mkoani.

Sisemi kreti zikomeshwe. Mimi mwenyewe ningelia. Nasema hivi, na naomba liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao: katika sherehe yetu ya mwisho wa mwaka, nusu ya fedha ya vinywaji inunue bia, na nusu igawanywe kati ya togwa kwa wasiokunywa kilevi na mitungi miwili ya ujimbi, itakayopikwa na mama ambaye kamati itamchagua baada ya kuona jiko lake na maji yake. Tunaye bwana afya miongoni mwa wanachama; yeye aende akague, nami nitafuatana naye kuonja. Na tarishi wetu mzee apelekewe barua ya kualikwa, yenye kutaja mtungi, ili awaambie wazee wenzake waje.

Ni mimi mwanachama wenu,
Karani wa Masijala, Dodoma