Mashine ya Mkononi na ya Sebuleni: Je, Mizani ni Moja?

Mjadala kuhusu mashine za michezo ya video aghalabu huishia kwenye swali moja: ni ipi iliyouzwa zaidi? PlayStation 2 ya Sony, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo huunganishwa na televisheni, iliuzwa zaidi ya mara milioni 155. Nintendo DS, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo hushikwa mkononi, ilifikia milioni 154. Mashabiki wa pande zote mbili wamezibishania tarakimu hizo kama wazee wanaogombania mpaka wa shamba.

Wanaopinga ulinganishaji huu husema kwamba mashine ya sebuleni hununuliwa moja kwa familia nzima, ilhali ya mkononi hununuliwa moja kwa kila mtoto. Hoja hiyo ina uzito, ila iliwazwa na watu wenye sebule. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Dandora na Kariobangi, mashine inayoitwa ya nyumbani haikukaa nyumbani kwa vijana wengi. Ilikaa kibandani, mbele ya benchi, na kila mechi ililipiwa. Kwa hiyo jina lenyewe lapotosha kabla hata ya hesabu kuanza.

Chukulia kibanda chenye mashine moja na pedi mbili, mechi ikidumu dakika 10. Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa nne usiku, stima isipopotea, ni mechi 36, yaani nafasi 72 za kucheza, hata kama kadhaa kati ya hizo hukaliwa na bingwa yule yule asiyekubali kuondoka. Katika daftari la mauzo, hayo yote ni mashine moja. Na ikiwa mashine yenyewe ilitumika kwanza ng'ambo ndipo ikafika Nairobi kama mtumba, basi ilikwisha kuhesabiwa huko, na Eastlands haimo katika hesabu kabisa.

Yupo atakayesema kwamba mwenye kampuni hajali wachezaji, hujali fedha. Haya, na tuhesabu fedha. Nchini Marekani PlayStation 2 ilianza kuuzwa kwa dola 299, nayo DS kwa dola 150 hivi. Bei moja ni takriban maradufu ya nyingine. Hata mhasibu, basi, hawezi kuzihesabu moja kwa moja kana kwamba ni mayai ya trei moja.

Isitoshe, kinachostahili kuitwa mashine ya mkononi hakijaafikiwa. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya mara milioni 250, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa nyoka. Abiria wa matatu aliyekwama katika msongamano wa Barabara ya Jogoo alicheza mchezo huo bila kujiuliza kama yumo katika orodha ya wachezaji. Hayumo. Nayo Nintendo Switch ya mwaka 2017, iliyopita milioni 150, hushikwa mkononi na pia huunganishwa na televisheni. Wapenda orodha hubaki wakibishana waiweke upande upi.

Jambo hili lingekuwa porojo za vijana tu lau tarakimu hizo hazingekuwa na kazi nyingine. Lakini kampuni huzitazama zinapoamua ni soko lipi lihudumiwe na ni lugha ipi izungumzwe ndani ya mchezo. Vijana wa Eastlands walicheza kandanda ya televisheni kwa miaka mingi wakimsikiliza mtangazaji wa Kiingereza, nao wakimtangazia mchezo uo huo kwa Kiswahili na Sheng kutoka kwenye benchi. Ni vigumu kumshawishi mtengenezaji agharamie utangazaji wa Kiswahili iwapo daftari lake laonyesha mnunuzi mmoja, au hata sufuri, mahali ambapo foleni ya wachezaji imefika mlangoni.