Acheni kunakili raundi za koili

Kila nikipita Asumbi, vijana wanaojiundia maspika ya benga huniuliza swali lile lile: "Omera, koili ya krosiova ni raundi ngapi?" Swali lenyewe limekaa vibaya, na fundi anayelijibu kwa namba moja anawapoteza.

Mimi huandika programu, na ugonjwa huu naujua. Mtu ananakili msimbo wa mwenzake, anaubandika bila kuusoma, kisha analaumu kompyuta. Raundi 150 kwenye kigogo kinene si sawa na raundi 150 kwenye kijiti chembamba. Unachotafuta ni milihenri, na hizo hutegemea spika yako.

Hesabu ni fupi. Zidisha masafa ya kukatia kwa 6.28, kisha gawanya ohm za wufa kwa jibu hilo. Wufa ya ohm 8 ikikatwa kwenye Hz 2500 inataka milihenri 0.51. Ya ohm 4 inataka 0.25 tu. Ukiifunga ya ohm 4 kwa koili ya ohm 8, wufa inaanza kufifia kwenye Hz 1250 huku twita bado haijaingia vizuri. Katika pengo hilo ndimo zilimo konsonanti za mtu anayesoma majina ya wafiwa matangani. Familia imelipia muziki, na watu hawasikii majina.

"Sikio linatosha," mafundi wakongwe wananijibu. Sikio ni hakimu mzuri wa mwisho, hasa kwa kuwa ohm za wufa hupanda masafa yanapopanda. Lakini sikio halikwambii utoe raundi ngapi. Hesabu inakwambia: ukitoa asilimia 10 ya raundi, thamani inashuka kwa karibu asilimia 19, kwa sababu inafuata mraba wa raundi. Kwa hiyo zungusha za ziada, halafu punguza kidogo kidogo ukipima.

"Vipimo ni ghali." Si kweli! Unganisha koili na rezista ya ohm 10 kwa mfululizo, peleka mlio kutoka kwenye laptopu, urekodi kwa Audacity ambayo ni ya bure. Badilisha masafa mpaka volti za koili zilingane na za rezista. Koili ya 0.51 italingana karibu na Hz 3100. Multimita ya bei rahisi usiiamini hapo, nyingi zimekusudiwa umeme wa Hz 50.

Na msumari wa chuma ndani ya koili, hapana. Sauti ikipanda chuma hushiba na thamani inayumba. Waya nao uwe mnene: mita 20 za milimita 1 ni ohm 0.44, za nusu milimita ni 1.75, na nguvu hiyo inaishia kwenye joto.

Fundi akikutajia raundi, muulize: za milihenri ngapi, kwa spika ya ohm ngapi? Akikasirika, beba waya wako uende.