Gari likiinuliwa, hatari nayo hupanda

KATIKA gereji za Arusha na Nairobi, si ajabu kuona Toyota Land Cruiser imekatwa chasisi na kurefushwa, ikawekewa paa linalofunguka kwa ajili ya watalii, pamoja na springi ngumu za kuiinua juu ya mawe na matope. Ufundi huo unalisha familia nyingi, wala hakuna anayeubeza.

Hata hivyo, gari likiinuliwa, kitovu chake cha uzito nacho hupanda. Upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia usipoongezwa, gari hupinduka kwa urahisi zaidi. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilipoanza kutangaza viwango vya hatari ya kupinduka mwaka 2001. Aidha, mipira ya breki yaweza kuvutika kupita kiasi, na propela shafti kuzunguka kwa pembe isiyokusudiwa.

Mtalii anayesimama kupiga picha hayaoni hayo. Kwa hiyo, gari lililobadilishwa linastahili kukaguliwa upya, likiwa na mzigo wake, kabla halijakabidhiwa roho za watu.