Tusizifungie nyimbo zetu katika mfumo mmoja

Miaka kadhaa iliyopita niliwarekodi ajuza wawili wakiimba bembelezi, kwa nia ya kuichunguza lugha ya nyimbo hizo. Kazi yenyewe niliihifadhi kwa programu iliyofanya kazi katika mfumo mmoja tu wa kompyuta. Mashine ilipoharibika, nilinunua nyingine yenye mfumo tofauti. Faili nilikuwa nazo, ila sikuwa na cha kuzifungulia. Wakati huo ajuza mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Majuto ni mjukuu.

Hayo huyakumbuka kila mwalimu wa muziki aniulizapo shule yake inunue kompyuta ya Windows, ya macOS au ya Linux. Swali hili lina uzito, hasa kwa kuwa Mtaala wa Umilisi umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Hata hivyo, limeanzia mwisho. Ampikiaye mgeni huuliza kwanza atapika nini, ndipo atafute chungu. Vivyo hivyo, tuchague programu kwanza, kisha mfumo wa kuiendesha.

Kila mfumo una sifa na ila zake. Kompyuta za Windows hupatikana kwa bei nafuu na mafundi wake ni wengi. Lakini msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi kuukuu hazikubaliki katika Windows 11. MacOS husifika kwa utulivu wake katika kurekodi, ila kompyuta zake ni ghali. Linux hutolewa bure na huzipa uhai mashine za zamani, ingawa baadhi ya programu mashuhuri hazina toleo lake.

Hatari kubwa ni kufungwa pingu na uamuzi wa wengine. Logic ilipatikana pia kwa Windows hadi mwaka wa 2002, Apple ilipoinunua kampuni ya Emagic iliyoiunda. Toleo la Windows likaachwa, na walioizoea wakajikuta njia panda.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi sharti afunzwe kwa programu zitumiwazo na magwiji. Hoja hiyo ina mantiki, lakini aliyeimudu sarufi ya lugha moja huipata ya pili upesi. Sikio lililofunzwa kupima sauti halibadiliki kwa kubadilishiwa mashine.

Kwa hivyo, naishauri shule isiyo na fedha nyingi ianze na programu zilizo na matoleo ya mifumo yote mitatu, kama vile Audacity, Ardour na Reaper. Kabla ya kulipa, mwalimu ahakikishe kwamba kifaa cha kurekodia kinatambuliwa na mfumo alioukusudia. Muhimu zaidi, kila kazi ikikamilika ihifadhiwe pia katika WAV, kila sauti na faili yake, na noti katika MIDI, utaratibu uliotumika tangu mwaka wa 1983. Hizo ni mithili ya alfabeti: husomeka popote.

Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iwekwe mahali pengine. Lau ningalifanya hivyo, leo wanafunzi wangu wangekuwa wakiisikiliza sauti ya yule ajuza.